Huduma ya kufilisi kampuni Zanzibar: unachopewa na unachopaswa kukidai

Afisi nyingi za mawakili na wahasibu mjini Unguja zina huduma wanayoiandika kwa maneno mawili tu: kufunga kampuni. Bei moja, saini chache, na mwenye kampuni anaambiwa akae asubiri. Kwa kampuni isiyodaiwa na mtu, huduma hiyo inatosha na inafaa bei yake. Kwa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni ni jambo jingine kabisa. Tathmini yetu ni kwamba inavyouzwa sasa, huduma hii imekamilika kwenye makaratasi ya mwanzo na ya mwisho, na ni dhaifu pale katikati penye mali na pesa za watu.

Kosa la kwanza hutokea siku ya kwanza, mezani. Mteja anasema kampuni imekwama, anadaiwa benki, kodi, mishahara ya miezi minne na wauza samaki. Anajaziwa maombi ya kufutwa kwenye daftari la Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, yaani BPRA. Kufutwa daftarini ni kwa kampuni ambayo haina deni wala mali. Ukiipitishia huko kampuni yenye madeni, mdai yeyote anaweza kupinga, na hata ikishafutwa anaweza kuomba irejeshwe ili aidai. Mteja amelipa ada, amepoteza miezi, na madeni yako pale pale. Afisi yoyote inayokupendekezea njia hii kabla ya kuiona orodha ya wadai wako, ondoka.

La pili ni sheria yenyewe. Usajili wa kampuni si jambo la Muungano. Kampuni iliyosajiliwa Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Makampuni Nam. 15 ya 2013, na Msajili wake ni wa Zanzibar. Hata hivyo bado kuna wanaochukua fomu na vifungu vya Tanzania Bara, wakabadilisha jina la kampuni, wakapeleka. Zinarudishwa. Angalia rasimu ya kwanza unayopewa: ukiona imetaja BRELA, wakala wa usajili wa Bara, ilhali kampuni yako ni ya hapa, umeshajua kazi inafanywa na mtu wa namna gani.

Njia halali kwa kampuni muflisi ni mbili. Moja ni ya hiari: wanahisa wanakutana, wanapitisha azimio maalum kwamba kampuni haiwezi kuendelea kwa sababu ya madeni, kisha wadai wanaitwa kwenye mkutano wao, wanaonyeshwa taarifa ya mali na madeni, na wana sauti juu ya nani awe mfilisi, yaani mtu wa kukusanya mali za kampuni, kuziuza na kuwalipa wadai. Nyingine ni ya Mahakama: mdai, au kampuni yenyewe, anapeleka maombi Mahakama Kuu, Tunguu, na Mahakama ikiridhika inatoa amri na mfilisi anateuliwa. Ya hiari ni nafuu na ina kasi zaidi. Ya Mahakama ni nzito, ila ndiyo inayofaa pale wakurugenzi wanapogombana, wamehama nchi, au wameanza kuhamisha vitu usiku. Vyovyote vile, mfilisi akishashika kazi, madaraka ya wakurugenzi yamekwisha. Hawauzi kitu, hawalipi mtu, hawasaini hundi.

Wanaotoa huduma tunawapima kwa aina zao, si kwa majina. Wakili akiwa peke yake anaandika maazimio na matangazo vizuri sana, lakini mali anaziandika kama mtu anayesoma kupitia dirishani: "jenereta moja, viyoyozi kadhaa, fanicha mbalimbali". Mhasibu akiwa peke yake anazijua hesabu, anafukuzia wanaodaiwa na kampuni, kisha anakwama kwenye kesi ya kwanza ya mfanyakazi. Timu ya wakili na mhasibu chini ya mkataba mmoja, yenye mtu wa kukaa kwenye eneo, ndiyo pekee tunayoipa alama za juu. Ni ghali zaidi mwanzoni. Mwishoni wadai wanabaki na zaidi, na hicho ndicho kipimo.

Sasa tuje kwenye wiki mbili za mwanzo, maana ndizo zinazoamua kila kitu.

Tuchukue kampuni ya hoteli ya vyumba 20 pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, kwa kuwa kampuni nyingi za kisiwa hiki zinasimama kwenye utalii. Mfilisi anayejua kazi anafika siku ile ile ya azimio na mambo matatu kichwani: kufuli, pesa, daftari. Kufuli zote za stoo, afisi na chumba cha mashine zinabadilishwa, na funguo zinaandikiwa. Benki inapelekewa barua na saini za zamani zinasimamishwa. Halafu anauliza swali ambalo wengi hawaulizi: lipa namba ya simu iko kwa jina la nani? Mara nyingi imesajiliwa kwa jina la meneja au shemeji wa mwenye hoteli, na wageni wanaendelea kuilipa wiki tatu baada ya kampuni kufa. Vivyo hivyo akaunti za kupokea nafasi za wageni mtandaoni. Zisipofungwa siku hiyo, kampuni inaendelea kuchukua malipo ya awali ya vyumba ambavyo havitakuwepo, na kila mgeni aliyelipa anaongeza safu ya wadai.

Daftari la mali ndipo unapomjua mfilisi. Jenereta iandikwe namba iliyo kwenye kibati chake, saa ilizokwishafanya kazi, na kama ina betri. Betri ndiyo ya kwanza kuondoka. Kiyoyozi kihesabiwe cha ndani na cha nje, kwa sababu bomba la shaba likikatwa nje, cha ndani hakina mnunuzi. Mashine ya boti ina namba yake, tofauti na ya boti. Kama hoteli ina kituo cha mbizi, kila mtungi una tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye bega lake. Mtungi ambao muda wake wa kupimwa umepita unauzwa bei ya chuma tu, na kuupima kabla ya mnada kunaweza kuwa na faida. Kompresa ya kujazia mitungi iwashwe mbele ya shahidi, isiandikwe tu kwamba ipo. Kisima kina pampu chini, na pampu ina thamani. Kila kitu kipigwe picha pamoja na kibandiko chenye namba ya daftari. Pwani chumvi inakula chuma: picha ya leo na ya baada ya miezi sita si kitu kimoja, na mnunuzi atakayelalamika ajibiwe kwa picha.

Sehemu ya pili ya daftari ni vitu ambavyo si vya kampuni. Friji za soda zenye nembo ni za kiwanda. Mashine ya kadi ni ya benki. Mitungi ya gesi mara nyingi ni ya msambazaji. Picha za kuchora na vinyago vilivyopangwa mapokezi ni vya mafundi walioviacha viuzwe kwa makubaliano. Mfilisi akiuza kitu cha mtu mwingine, gharama ya kesi inakatwa kwenye fungu la wadai. Tumeona taarifa za ufilisi ambazo sehemu hii haipo kabisa, na hilo ni kasoro kubwa, si ndogo.

Kuna kitabu kimoja ambacho hakitajwi kwenye mkataba wowote wa huduma, nacho ni daftari la jikoni. Wavuvi, wauza pweza, wauza mboga na ndimu hawaandiki ankara. Wanaleta, mpishi anapima, anaandika kilo na bei, anatia saini, na mwisho wa wiki wanalipwa. Kampuni ikianguka, ukurasa huo ndio ushahidi wao pekee, na ndio unaopotea kwanza kwa sababu hakuna anayeuona kuwa ni hati. Mfilisi mwenye huruma na akili anaupiga picha siku ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa. Wakati wa kuwasilisha madai, benki italeta faili lenye lakiri. Mama aliyeuza pweza atakuja na jina lake tu. Bila daftari lile, hana kitu.

Baada ya hapo ni matangazo: Gazeti Rasmi la Serikali na gazeti linalosomwa hapa, pamoja na barua kwa kila mdai anayejulikana, ikionyesha mwisho wa kuwasilisha madai na ushahidi unaotakiwa. Hapa huduma nyingi zinafanya vizuri. Upungufu ni kwamba tangazo linakaa gazetini tu. Kijijini watu hawanunui gazeti. Nakala moja kwa sheha na nyingine getini mwa hoteli haziongezi gharama yoyote, na zinafikisha habari.

Dai la mfanyakazi lisingoje fomu. Mfilisi achukue orodha ya mishahara, ahesabu mwenyewe kwa kila mtu: mshahara unaodaiwa, siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa, notisi, na stahiki nyingine chini ya Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005. Kisha aombe taarifa ya michango kutoka ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ailinganishe na makato. Mara nyingi hapa ndipo penye jeraha: mhudumu wa vyumba amekatwa kila mwezi, karatasi ya mshahara inaonyesha, na mfukoni mwa ZSSF hakuna kilichoingia. Huo si uzembe wa karatasi. Ni pesa ya mtu iliyotumiwa na mwingine, na mfilisi ana wajibu wa kuuliza ilikwenda wapi.

Kwa kodi, kuna milango miwili na wageni wengi wanaukumbuka mmoja tu. TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, inasimamia kodi ya mapato na kodi ya mishahara hata huku Visiwani. ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar iliyokuwa ikiitwa ZRB, inasimamia VAT ya Zanzibar, tozo za hoteli na nyinginezo za ndani. Mfilisi aandikie zote mbili mapema. Deni la kodi linaloibuka baada ya wadai kugawiwa linaweza kumgeukia yeye mwenyewe, na ndiyo maana mfilisi makini anaonekana mgumu wa kutoa pesa. Asilaumiwe kwa hilo.

Madai ya ndugu na wakurugenzi yapimwe kwa ukali zaidi kuliko yote. "Niliikopesha kampuni milioni 80" si dai mpaka taarifa ya benki ionyeshe pesa ikiingia kwenye akaunti ya kampuni. Hali kadhalika malipo ya miezi ya mwisho: kama kampuni tayari ilikuwa imekwama na kaka wa mkurugenzi akalipwa deni lake lote huku wengine wakisubiri, mfilisi anaweza kwenda Mahakamani kuomba malipo hayo yarejeshwe. Huduma nyingi zinaruka hatua hii kwa sababu anayelipa ada ndiye mkurugenzi mwenyewe. Ni udhaifu mbaya kuliko wote, na wadai wana haki ya kuusemea kwenye mkutano wao.

Mnada nao una majira yake. Masika, Machi hadi Mei, hoteli nyingi za mashariki zimefunga na hazinunui kitanda. Kuanzia Mei mwishoni wanajiandaa kwa wageni wa Juni, na bei inapanda. Dalali anayetaka kuuza Aprili kwa sababu yeye ana nafasi Aprili anakula pesa za wadai. Lakini kungoja nako kuna gharama, kwa hiyo ipigwe hesabu badala ya kubishana. Vitu viuzwe kwa mafungu madogo: magodoro matanomatano, viyoyozi vitatuvitatu, ili mwenye nyumba ya wageni Makunduchi aweze kununua. Ukivirundika fungu moja, anabaki tajiri mmoja wa mjini, na anajua yuko peke yake. Kwa vitu vikubwa, asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14 ni masharti yaliyozoeleka. Vidogo vilipwe taslimu na kuondoka siku hiyo.

Hesabu yenyewe, kwa tarakimu za mfano, inakwenda hivi. Basi dogo lililowekwa dhamana benki limeuzwa milioni 38 na deni la benki ni 50. Benki inachukua 38 yote, na milioni 12 zilizobaki inasimama nazo kwenye foleni kama mdai wa kawaida, yaani asiye na dhamana wala kipaumbele. Vitu vingine vimeleta 96, waliokuwa wakidaiwa na kampuni wamelipa 24, benki mlikuwa na 4. Jumla 124. Gharama za ufilisi, yaani ulinzi, matangazo, dalali na mfilisi, ni 31, zimebaki 93. Mishahara, michango na kodi zenye kipaumbele ni 57, zimebaki 36. Wadai wa kawaida wanadai 228, pamoja na zile 12 za benki ni 240. Kila anayedai milioni moja anapata 150,000. Wanahisa hawapati kitu.

Tazama sasa ulinzi peke yake unafanya nini. Ukiwa shilingi milioni 1.2 kwa mwezi na kazi ikachelewa miezi sita bila sababu, zimekwenda milioni 7.2. Kwa kila milioni anayodai muuza samaki, 30,000 zimeliwa na uzembe. Ndiyo maana tunasisitiza mkataba wa mfilisi uwe na ratiba yenye tarehe, na taarifa kwa wadai kila robo mwaka, ikionyesha kilichoingia, kilichotoka, na salio la akaunti maalum ya ufilisi. Pesa za ufilisi zikikaa kwenye akaunti ya kawaida ya afisi, hiyo si huduma ya kupewa nyota hata moja.

Ardhi tunaigusa kwa ufupi, ingawa ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Chini ya Sheria ya Matumizi ya Ardhi Nam. 12 ya 1992 ardhi ni ya umma. Kampuni inakuwa na haki ya kutumia au mkataba wa ukodishaji. Mfilisi haandiki "anauza kiwanja". Anachohamisha ni haki iliyobaki kwenye mkataba, na uhaulishaji, yaani kuihamishia haki hiyo kwa mtu mwingine, unahitaji ridhaa ya Serikali. Asome mkataba kwanza: mingine ina kifungu kinachoruhusu kusitishwa mwekezaji akishindwa kulipa kodi ya ardhi au kuendeleza mradi. Kama mradi una cheti cha ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, wao waarifiwe mapema. Afisi inayopokea amana ya mnunuzi wa hoteli kabla ya kuugusa mkataba huo inatengeneza kesi ya miaka.

Kuna wanaolipia huduma hii bila kuihitaji. Kama aliyefilisika ni wakala wako wa ng'ambo anayekuletea watalii, mfilisi wa hapa hana la kufanya. Thomas Cook ya Uingereza ilipoanguka tarehe 23 Septemba 2019, na FTI ya Ujerumani ilipoomba ufilisi Juni 2024, wenye hoteli waliokuwa wakiwadai walitakiwa kupeleka madai kwa mfilisi wa nchi husika, kwa fomu zake na ndani ya muda wake. Ankara, uthibitisho wa nafasi za wageni na orodha ya waliolala kweli ndivyo vinavyotakiwa. Unaweza kujaza mwenyewe. Na kama ni benki, njia ni nyingine tena: FBME ilipofutiwa leseni mwaka 2017, mfilisi alikuwa Bodi ya Bima ya Amana.

Jambo moja linalofichwa na matangazo ya huduma hizi ni dhamana binafsi. Mkurugenzi aliyesaini kwamba kampuni ikishindwa yeye atalipa, au aliyeweka nyumba ya familia rehani, hafunguliwi na ufilisi wa kampuni. Benki itakuja kwake. Wakili mwaminifu anasema hivyo kwenye kikao cha kwanza, kabla ya kupokea ada, na anamshauri azungumze na benki sambamba na ufilisi.

Pemba huduma iko nyuma, na si kwa kukosa wataalamu. Afisi za mjini zinakubali kazi ya Wete au Chake Chake, kisha zinaiendesha kwa simu. Stoo ya mwani haiendeshwi kwa simu. Mwani uliokauka vizuri ukiachwa kwenye stoo yenye unyevu unavuta maji, uzito unadanganya na ubora unashuka, kwa hiyo mfilisi auuze mapema kwa mnunuzi aliyepo kuliko kusubiri mnada wa jumla. Wadai wenyewe ni kina mama wa vijijini wenye vikaratasi vya mizani; mkutano wa wadai ukiitishwa Unguja, hakuna hata mmoja atakayelipa nauli ya boti kutoka Mkoani. Uitishwe Pemba, siku ambayo si ya bamvua, maji yanapokupwa sana, kwa kuwa siku hizo wako shambani kwao baharini, na taarifa isomwe kwa sauti. Kama suala linahitaji amri ya Mahakama, Mahakama Kuu ina masjala Chake Chake. Muulize mfilisi wako kabla ya kusaini: nani ataishi Pemba wiki mbili za mwanzo, na jina lake limeandikwa ukurasa gani wa mkataba?